Fomu Moja na Watu Wanne wa Mteremkoni

Ninyi vijana mnaotoka chuoni na vyeti vya ushauri nasaha, beji shingoni na viatu ambavyo havijawahi kuona matope, karibuni tukae. Nimestaafu sasa. Nafuga mbuzi hapa Gachoka, kwetu Mbeere ambako mvua ni ya kubahatisha, na mbuzi hawana maswali. Lakini nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili miaka mingi, kwanza Embu, halafu Meru, na kuna kosa moja nataka kuwapa bure kabla hamjalifanya wenyewe.

Nitaanza na fomu, kwa sababu kosa lenyewe lilianzia kwenye fomu.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, kabla ya simu za mkononi kuingia kila mfuko, kijiji cha upande wa Meru kilichokaa kwenye mteremko wa chai na migomba kiliporomoka. Jina lake silitaji, wenyewe wamechoka kutajwa. Tukiite Mteremkoni. Mvua ilikuwa imenyesha majuma matatu mfululizo. Jumamosi moja, saa tisa mchana, ardhi ikaachana na kilima ikateremka na nyumba, na ng'ombe, na watu. Walionusurika wakapelekwa shule ya msingi iliyo karibu, wakawa wanalala madarasani.

Serikali ilileta mahindi. Makanisa yakaleta blanketi. Shirika moja kutoka Nairobi likaleta fomu.

Fomu hiyo ilikuwa na maswali kumi na saba, na kila swali lilikuwa na kisanduku chake. Mtu akipata alama kumi au zaidi, huyo amepata ugonjwa wa mshtuko wa maafa. Akipata tisa, ni mzima. Kati ya tisa na kumi hapakuwa na kitu. Bwana Mratibu, mkubwa wa mradi, alitukusanya katika hoteli moja nzuri mjini kutufundisha namna ya kuijaza. Alikuwa amevaa gambuti mpya kabisa, za kijani, na kwa miezi yote niliyofanya kazi naye sikuziona zikiingia matope. Tulifundishwa siku tatu kuhusu shida za watu wanaolala sakafuni, na sisi tumekalia viti vya kuzunguka, tukinywa chai ya saa nne na samosa.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Sista Rwamba, mama wa kutoka Runyenjes, aliyekuwa ameuguza wagonjwa wa akili tangu nikiwa shule. Aliigeuza ile fomu mbele na nyuma, akaniuliza, "Nyaga, hapa wameacha nafasi wapi ya kuandika mtu anachosema?"

Nikamwonyesha mstari mmoja chini kabisa, umeandikwa "Maoni mengine".

"Mstari huu hautoshi hata jina langu na la baba yangu," akasema, akaikunja akaiweka ndani ya kikapu chake. Mimi nilikuwa kijana kama ninyi. Niliona kwamba amezeeka.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa Mzee M'Ikiara, mkulima wa chai. Yeye alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, akachimbuliwa na majirani kabla ya jua kuzama. Maswali yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, kisha mtu ambaye hajawahi kuongea na mzee yeyote akayatia Kiswahili. Nikayasoma vile vile yalivyo.

"Mzee, je, unaishi tena tukio?"

"Naishi kwa darasa la nne," akasema. "Tukio liko kule."

"Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukifurahia?"

"Nilikuwa nafurahia ng'ombe wangu. Amezikwa na udongo. Hamu niweke kwa nini?"

"Je, unaepuka mahali pa tukio?"

"Chifu ameweka kamba na askari. Wewe ukienda watakushika."

Nikaweka alama: anaepuka.

"Je, unahisi kwamba maisha yako ya usoni yamefupishwa?"

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, mimi nina miaka sabini na mbili. Wewe unaona nani atakuja kuyarefusha?"

Nikaweka alama. Nilikuwa nimejaribu kumsalimia kwa Kimeru, na alipokuwa anatoka akaniambia Kimeru changu kina vumbi. Sisi watu wa Mbeere tunaelewana na Wameru nusu nusu, lakini ile nusu inayobaki ndiyo wanayotuchekea.

Mzee M'Ikiara alipata kumi na moja. Kweli, majuma matatu ya kwanza alikuwa anaamka akipiga kelele, anasukuma blanketi akidhani ni udongo. Halafu kelele zikapungua. Wiki ya nne akaanza kula vizuri na kugombana na kamati kuhusu chumvi ya mboga. Wiki ya tano alikuwa anatafuta mche wa migomba. Alikuwa amepona, na hakuna aliyemponya. Andikeni hilo mahali, kwa sababu chuoni hawalipendi: watu wengi huumia, halafu wanapona wenyewe wakiwa na chakula, na watu wao, na kitu cha kufanya.

Lakini fomu ilikuwa imeshasema ni mgonjwa. Bwana Mratibu alianzisha kikao kila Alhamisi, kilichoitwa Kikao cha Kufunguka. Watu walikaa duara na kila mmoja alitakiwa kusimulia siku ile kuanzia mwanzo. M'Ikiara alikuwa msimulizi mzuri, kwa hiyo kila mgeni alipokuja, yeye ndiye aliitwa. Alisimulia kwa wageni wa shirika. Akasimulia kwa wageni wa wageni. Siku moja akasimulia mara mbili, kwa sababu gari la pili lilichelewa kwenye matope na mwanzo ukawapita. Baada ya mwezi, usingizi wake ukakatika tena. Akisikia mtu anasema "Alhamisi", mikono inatoka jasho.

Nilimpelekea Bwana Mratibu habari hizo. Akafurahi. "Unaona? Sasa anaanza kufunguka."

Sista Rwamba hakubishana na mtu. Alichukua karatasi ya hospitali, akaandika, akapiga muhuri: "Mgonjwa huyu ni mzima. Asitibiwe." M'Ikiara alitembea na hiyo barua mfukoni kama kitambulisho. Akiitwa kusimulia, anaitoa, anaionyesha, anaendelea na shughuli zake. Usingizi ulirudi baada ya muda. Mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee wa kawaida, hiyo ndiyo barua pekee ya serikali aliyoipenda.

Wa pili alikuwa Mama Kendi. Mume wake, Baba Kendi, alikuwa karani wa kupokea maziwa. Aliyapima na kuyaandika pale barabarani kabla lori halijafika. Siku ile alikuwa amepitia nyumbani kuchukua daftari. Mama Kendi na binti yake Kendi walikuwa wameenda kisimani, upande ambao haukuanguka. Baba Kendi alipatikana siku mbili baadaye, chini ya mabati ya nyumba yake.

Niliuliza maswali yote kumi na saba. Ndoto? Hapana. Kushtuka? Hapana. Kulia? Hapana. Alijibu akiwa anakoroga githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa ya shule, maana yeye ndiye aliyewapikia wote. Aliniuliza maswali mengi kuliko mimi: kuni zitakuja lini, sufuria ya pili iko wapi, nani amechukua mwiko. Alama zake zilikuwa sifuri.

Bwana Mratibu alimpenda sana. Alimwita mfano wa ustahimilivu, akampiga picha akiwa na mwiko, na picha ikawekwa kwenye kalenda ya shirika. Mama Kendi mwenyewe aliiona hiyo kalenda mwaka uliofuata ofisini kwa chifu, imetundikwa ukutani. Akaniambia, maana kwao kila muuguzi ni daktari, "Daktari, mimi hapa nilikuwa sijafika. Hiki walichopiga ni mwiko tu." Sikumwelewa. Nilicheka kidogo, kwa adabu.

Wa tatu hakuwa hata kwenye orodha. Mwalimu Mutwiri alifundisha darasa la saba pale shuleni. Siku ya maafa alikuwa mjini Maua, ameenda kumsaidia ndugu yake anayefunga miraa za kupeleka Nairobi. Aliporudi Jumapili, mama yake alikuwa amezikwa na kilima. Swali la kwanza la fomu lilisema: Je, ulikuwepo wakati wa tukio? Kama jibu ni hapana, simama hapo, mshukuru, mwite anayefuata. Nilisimama hapo. Nilimshukuru.

Ni wanafunzi walionifuata. Msichana mmoja akasema, "Daktari, mwalimu anatuhesabu sana." Nikauliza, sana namna gani. Wakasema asubuhi, wakati wa mapumziko, kabla ya chakula, baada ya chakula, na wakiwa wanaandika. Akipata idadi sahihi anahesabu tena. Siku mtoto mmoja alipoenda chooni wakati wa kuhesabu, mwalimu alikimbia mpaka barabarani na chaki mkononi.

Nilimpeleka Sista Rwamba akamwone. Yeye hakuwa na desturi ya kumkalisha mtu mbele ya meza. Alichukua sinia la maharagwe, akakaa na Mwalimu Mutwiri nyuma ya darasa, wakachambua. Nilimsikia mwalimu akisema baada ya muda mrefu, "Sista, ningekuwepo ningewahesabu, ningejua nani hayupo."

Sista hakumwambia aache kuhesabu. Alimwuliza kama shule ina kile chombo cha kupimia mvua. Kilikuwepo, kimejaa viota vya ndege. Basi akashauriana na mwalimu mkuu na chifu, na Mutwiri akapewa kazi ya kupima mvua kila asubuhi na kutembea kwenye mteremko akitafuta nyufa, na akiona mbaya, apige kengele ya shule watu watoke. Alipima kwa uaminifu wa kutisha. Miezi ikipita, akawa anahesabu watoto mara mbili kwa siku, kama walimu wengine. Mara mbili alipiga kengele bila sababu na watu wakalalamika. Mara ya tatu kilima kilianguka kidogo, juu ya shamba tupu. Hakuna aliyelalamika tena.

Sasa nifike kwa wa nne, na hapa ndipo kosa langu lilipo.

Mnajua jinsi habari zinavyosafiri milimani. Shirika lilikuwa na magodoro, lakini hayakutosha wote, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba atakayepata alama kumi ndiye apate godoro. Hakuna aliyefikiria matokeo yake. Ndani ya wiki mbili, mteremko mzima, na ule wa ng'ambo ambao haukupata hata ufa, ukawa unaota ndoto mbaya. Watu walikuja wameshaziweka ndoto zao sawasawa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ndoto ya mume wake anaweza kuileta yeye, kwa vile mume yuko sokoni.

Katika hao alikuja Kobia. Alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, hana mke, wa ule upande wa ng'ambo. Nyumba yake haikuguswa. Alikaa mbele yangu, na kabla sijasoma swali la kwanza alijibu. Akajibu la pili, la tatu, kwa mpangilio ule ule wa fomu. Alikuwa ameikariri yote. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutabasamu.

Nikamwacha afike swali la kumi na nne, lililokuwa la wazazi.

"Ndiyo," akasema, "mtoto anakojoa kitandani."

"Mtoto yupi, Kobia? Wewe una mtoto?"

Akafikiri. "Yule nitakayezaa."

Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Nikamwambia kwa sauti, ili wengine wasikie wajifunze, kwamba godoro si la waigizaji, aende akalale kwake ambako kuna kitanda kizima. Aliinuka. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akasema, "Lakini uniandike tu. Godoro unaweza kuacha."

Nikasema, "Mtu anayefuata."

Tangu siku ile aliitwa Kobia Godoro. Hata watoto walimwita hivyo. Na mimi niliporudi Embu nilisimulia hicho kisa kwenye chai mara nyingi, kwa sababu kilikuwa kinachekesha, na kinachekesha hata leo, ndiyo maana ni kibaya.

Mwaka ukapita. Mradi ulifungwa, ripoti ikaandikwa, na Bwana Mratibu akapandishwa cheo. Nasikia gambuti aliziacha ofisini, bado mpya. Watu wa Mteremkoni walijengewa nyumba za mabati kwenye tambarare chini ya shule. Halafu siku moja Kendi, binti ya Mama Kendi, alikuja mpaka hospitalini kwetu Embu akiwa na sare ya shule. Akasema mama yake hapiki.

Nilimkuta Mama Kendi ameketi nje ya nyumba mpya, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango wazi nyuma yake. Alikuwa amekonda. Kendi alieleza kwamba mama alikuwa sawa mpaka walipopewa nyumba. Siku ya kwanza walipofunga mlango, akasema mabati yanashuka. Tangu hapo hakuweza kukaa chini ya bati kama mlango umefungwa. Alisahau chakula jikoni, alikasirika bila sababu, na alianza kumsikia mume wake akiita kutoka upande asioujua.

Nilikuwa na ile fomu kwenye mkoba, kwa mazoea. Sasa angepata kumi na tano. Alisubiri mwaka mzima. Alisubiri mpaka watu wote wameshapikiwa, mpaka sufuria ya mwisho imerudishwa shule, mpaka hakuna mtu anayemhitaji, ndipo akaanguka. Kwa wengine maumivu huja hivyo, yanangoja kazi iishe. Na sisi tulikuwa tumemwandika sifuri na kumweka kwenye kalenda.

Nilianza kwenda kila wiki mbili. Sista Rwamba aliniambia nisimlazimishe kufunga mlango, nikae naye mlangoni, na wiki nyingine tuingie ndani hatua moja, tukae, tutoke. Nilifanya hivyo. Ilisaidia kidogo. Lakini kila mara aliniuliza swali lile lile. "Daktari, unadhani aliita? Aliita na mimi niko kisimani?" Mimi nilijibu kama tulivyofundishwa, kwamba hakuna anayejua. Jibu hilo halikumlisha.

Mwaka ule, kama ilivyo kawaida ya nchi yetu, mvua ambayo ilikuja nyingi mno ikakataa kuja kabisa. Kanisa la pale likaitisha Jumapili ya kuombea mvua. Nilikuwa nimekuja kumwona Mama Kendi, nikaingia ibadani, nikakaa benchi la nyuma. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, na watu wote wakainua mikono. Mtu wa Mbeere hawezi kukataa maombi ya namna hiyo, hata mimi niliinua yangu miwili. Ndipo nikaona mtu mmoja mbele yangu anainuka, anapita kati ya magoti ya watu, anatoka. Alikuwa Kobia. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Godoro ameenda kulala," na benchi likacheka kimya.

Sijui kwa nini nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya jiko la kanisa, ameketi juu ya kuni, viganja vimeziba masikio. Mashati yake yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, na yote yamelowa jasho, na siku hiyo hakukuwa na joto.

"Kobia," nikasema, "unaumwa?"

"Wanaita mvua," akasema.

Nilikaa juu ya kuni kando yake. Sikumtazama usoni, hilo Sista alikuwa amenifundisha. Tukatazama ukuta wa jiko. Ndani waliendelea kuimba. Halafu akasema bila mimi kumwuliza.

"Mimi ndio nilifika wa kwanza."

Siku ya maafa Kobia alikuwa shambani kwake, ng'ambo. Aliona kilima kikienda. Alishuka akakimbia na jembe, akavuka mto, akafika kwa Baba Kendi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyumba ilikuwa imefunikwa na udongo na mabati. Akasikia sauti chini. Akaanza kuchimba. Jembe lilivunjika mpini, akachimba kwa mikono.

"Tuliongea," akasema. "Hakuwa analia. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia Kobia. Akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia karibu saa kumi. Akasema lori la maziwa linakuja, daftari liko kwa meza. Nikamwambia wacha daftari, watu wanakuja. Akasema Kendi na mama wako kisimani, wako sawa? Nikamwambia wako sawa. Sikujua, lakini nilimwambia. Akasema asante."

Ndani wakaanza wimbo mwingine, naye akainua sauti.

"Halafu mvua ikarudi. Kubwa. Nikasikia kilima kinafanya sauti, kama gunia linapasuka. Nikamwambia narudi saa hii. Nikakimbia. Daktari, mimi nilikimbia. Udongo wa pili ukaja pale pale. Watu walipofika sikuwaonyesha mahali. Nilienda nyumbani nikafunga mlango."

Nikamwuliza kwa nini alikuja kwangu na ile fomu.

"Nilisikia kuna kitabu mnaandika watu waliokuwa huko," akasema. "Nikasema nikiandikwa, mtu ataniuliza, nitasema. Lakini wakasema lazima ujue majibu. Nikajifunza majibu."

Vijana, hakuna hata moja kati ya maswali yale kumi na saba lililouliza: Je, ulimwacha mtu? Na mimi niliyekuwa na kalamu nilikuwa nimeketi umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, na nikamfukuza ili wengine wajifunze.

Nilimwomba msamaha pale pale nyuma ya jiko. Alisema hakuna neno, watu walikuwa wengi siku ile. Nilimwambia pia kwamba angebaki angekufa na Baba Kendi. Alitikisa kichwa, alikuwa ameshajiambia hilo, na halikusaidia.

Nilirudi Embu kwa Sista Rwamba nikiwa na haraka ya kijana. Nilitaka kwenda kesho yake kuwakutanisha. Sista akaniambia, "Wewe pole pole. Hiyo si habari yako ya kubeba. Muulize mwanamume kama anataka kusema. Muulize mama kama anataka kusikia. Na ukisikia hapana kwa mmoja, umefika mwisho." Ilichukua majuma sita. Kobia alikubali, akakataa, akakubali. Mama Kendi, nilipomwambia kuna mtu aliyeongea na mume wake siku ile, aliinuka kwenye ndoo yake kwa mara ya kwanza bila kushikwa mkono. Akasema, "Mlete."

Walikutana uani kwake, mchana, mlango wa nyumba ukiwa wazi. Kobia hakukubali kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa shule. Alipofika pale pa kukimbia hakupunguza kitu. Nilimwangalia Mama Kendi, nikajiandaa kwa lolote. Nilikuwa hata na dawa kwenye mkoba.

Mama Kendi akauliza, "Alisema daftari liko kwa meza?"

"Ndiyo."

"Na akauliza sisi?"

"Aliuliza. Nikamwambia mko sawa."

"Na yeye akasema?"

"Akasema asante."

"Sema tena," akasema Mama Kendi. Kobia akasema tena. Alimwomba aseme mara nne, sehemu ile ile tu. Ndipo akalia, na Kendi akaja akamshika. Kobia alitaka kuondoka, Mama Kendi akamwambia kwa sauti ile ya siku za sufuria kubwa, "Kaa chini. Umesimama sana." Akakaa.

Sitawadanganya kwamba walipona siku hiyo. Mama Kendi alichukua karibu mwaka kabla ya kufunga mlango, na mpaka leo hulala na dirisha wazi. Lakini aliacha kuuliza kama aliita. Alijua mume wake aliongea na mtu, na kwamba mara ya mwisho aliambiwa mke na mtoto wake wazima, na ilikuwa kweli. Wale waliomwita Kobia jina la godoro, Mama Kendi aliwaendea mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Sijui aliwaambia nini. Jina likaisha.

Kobia hakupona mvua. Tulijaribu mengi. Nikamfundisha kupumua, nikatembea naye kwenye manyunyu, Sista akampa dawa kidogo. Alipata nafuu kwa mambo mengine, usingizi, hasira, hata akaoa. Lakini wingu likikaa juu ya kilima, anatoka jasho. Siku moja akaniuliza, bila mzaha, "Daktari, katika nchi hii yote, mvua inanyesha kidogo zaidi wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwetu.

Aliuza shamba lake la chai, ambalo watu wangepigania, akanunua vichaka vyenye mawe hapa chini, kwenye njia ya kwenda Kiambere. Ndugu zake walisema amerukwa na akili. Wenzangu wa kanisa hapa hawamwelewi pia; ndiye mkulima pekee Mbeere nzima ambaye wingu likipita bila kunyesha anasema Mungu ni mwema. Mbuzi wake ni wanono kuliko wangu. Mama Kendi alikuja kumtembelea mara mbili, na mara ya pili alileta mche wa ndizi, ambao ulikauka.

Mwezi uliopita ilinyesha. Nilisikia matone ya kwanza juu ya bati, kisha nikamwona Kobia akipita kwenye uzio, anatembea haraka, koti kichwani. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye kiti cha ukumbi, mgongo ukutani, akaanza kuniambia habari za dume la mbuzi alilonunua, kwa sauti ya juu ili ipite kelele za bati. Nami nilijibu kwa sauti ya juu. Mke wangu alileta chai. Tulibishana kuhusu kwato, na chanjo, na kama dume hilo lina mbavu za kutosha, mpaka mvua ikapungua, ikawa matone, ikaisha. Akainuka, akakung'uta koti.

"Haya," akasema, "nimeenda." Na akaenda zake.